Kelele haziongezi mashati

Je, umewahi kupandishwa cheo Ijumaa, na kufikia Jumatatu marafiki zako wa jana wananyamaza ukiingia? Basi utamwelewa mama mmoja, jirani yangu mtaani, aliyeshona mashati kwa miaka 9 katika kiwanda kimoja cha nguo hapa jijini kabla ya kufanywa supavaiza wa mafundi 20.

Alibisha hodi kwangu jioni moja, uso umemshuka. Kwa wiki tatu mfululizo mafundi wake walikuwa wameshindwa kufikisha idadi ya mashati inayotakiwa. Meneja alikuwa amemwambia idadi hiyo ifikiwe kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo alete majina mawili ya watu wa kuachishwa kazi.

"Jina moja ninalo tayari," akaniambia. "Yule dada wa kola. Mzigo umemlundikania hadi sakafuni, na wote walio mbele yake wanamngojea yeye."

Nikamwuliza amejaribu nini kufikia hapo. Alikuwa amefupisha muda wa chai, akawakemea wazembe mbele ya wenzao na kusimama nyuma yao kutwa. Mashati yaliongezeka kwa siku mbili, kisha mengi yakarudishwa kufumuliwa. (Nani atanyoosha mshono huku mtu anampumulia kisogoni?)

Hapo ndipo wasimamizi wengi hupotea. Kazi inayopita mikono mingi huenda kwa mwendo wa mkono ulio mzito zaidi. Ukiwahimiza wanaokata vitambaa ilhali kola zimekwama, hupati hata shati moja zaidi. Unaongeza lundo tu. Na mwenye lundo si lazima awe ndiye mwenye kosa.

Nikamsimulia kisa cha kiwanda cha magari cha General Motors mjini Fremont, California. Kilifungwa mwaka wa 1982, wafanyakazi wake wakiwa na sifa mbaya za utoro na migomo. Mwaka wa 1984 kilifunguliwa upya kwa ushirikiano na Toyota ya Japani. Wengi wa walioajiriwa walikuwa watu wale wale, na chama chao cha wafanyakazi kile kile. Lakini sasa kulikuwa na kamba iliyopita juu ya vichwa vyao. Fundi akiona kasoro, aivute. Kiongozi wa kikundi alifika mbio kumsaidia, na kasoro isiporekebishwa kwa wakati, magari yote yalisimama. Zamani, kusimamisha kazi kulikuwa kosa kubwa, kwa hivyo gari bovu liliachwa lipite. Haikuchukua muda, watu wale waliodharauliwa wakawa wanaunda baadhi ya magari bora ya General Motors. Kiwanda hicho kilifanya kazi hivyo hadi 2010.

"Sisi hatuna kamba," akasema jirani yangu, akiaga.

Lakini siku iliyofuata alivuta kigoda, akaketi kando ya dada wa kola asubuhi nzima bila kukemea. Alichokiona kilimfadhaisha. Vipande vya kola vilikuwa vikitoka kwenye meza ya kukatia vikiwa vimepinda. Kabla ya kushona, dada yule alivilinganisha kwa mkasi, kimoja baada ya kingine.

"Mbona hukusema?" akamwuliza.

"Nilisema, mama, kabla hujawa mkubwa. Nikaulizwa kama nimekuja kushona au kuongea."

Jirani yangu alikiri kwamba siku hiyo alikuwapo, cherehani ya pili kutoka hapo, na alicheka pamoja na wengine.

Kuanzia hapo akawaambia mafundi wake kwamba atakayepata kipande kibovu amwite papo hapo, wala hatakaripiwa. Siku ya kwanza hakuna aliyeita. Siku ya tatu aliitwa mara kumi na moja, hata akajuta kidogo.

Mwisho wa mwezi idadi ilikuwa bado haijafikiwa, ingawa pengo lilikuwa limepungua sana. Aliingia kwa meneja bila majina, ila na mfuko wa plastiki uliojaa vibanzi vya kitambaa vilivyokatwa na dada yule kwa wiki moja. Akaumwaga mezani. Angaliweza pia kumkumbusha meneja kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mfanyakazi aelezwe sababu, na asikilizwe akiwa na mwenzake, kabla ya kufutwa kwa kazi duni. Haikuhitajika. Meneja alivitazama vibanzi vile kwa muda, kisha akauliza ni nani anayenoa visu vya meza ya kukatia.

Ikabainika kwamba hakuna aliyewahi kupewa kazi hiyo.