Maji Yajipandishe Yenyewe
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya maji ya shule. Najua wengi wamekwisha kusema, na mkutano wa wazazi wa mwezi wa Agosti ulisema kuliko wote, lakini liko jambo moja ambalo halikutajwa katika mkutano ule, nalo lafaa litajwe kabla fedha za watu hazijakusanywa.

Wasomaji wa gazeti hili wanaijua hali yetu. Shule imejengwa juu ya mgongo wa kilima, kama zilivyo shule nyingi hapa Usambara, na maji yako bondeni. Tangu mota ya pampu ilipoungua kwa radi mwezi wa Aprili, kila mwanafunzi huteremka kijitoni na ndoo yake alfajiri, kabla ya kipindi cha kwanza. Kwenda na kurudi ni dakika 40 kwa mtu mwenye miguu mizuri. Tuko wanafunzi 480. Ukizidisha utaona ya kuwa shule nzima yatumia saa 320 kila siku kwa kubeba maji, na hizo ni saa ambazo zingetumiwa kwa vitabu, au kwa usingizi, ambao nao ni haki ya mwanafunzi. Wanaoumia zaidi ni wadogo zetu wa kidato cha kwanza. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na baadhi yao wenyewe hawafiki kilo 40. Wakati wa masika njia ile huwa utelezi mtupu, na mwezi wa Mei mmoja wao alirudi bila ndoo, mkono umevunjika.

Shauri lililotolewa mkutanoni ni kwamba wazazi wachange kwa hiari yao, inunuliwe mota mpya pamoja na jenereta ya dizeli ya akiba. Nawashukuru wazazi wetu kwa moyo huo. Hata hivyo naomba niwaulize: mota ikija, nani atalipa umeme wake kila mwezi? Na jenereta ikija, dizeli itatoka wapi mwaka wa pili, mchango ukiisha kusahauliwa? Mchango hutolewa mara moja, bali mashine hula kila siku.

Kuna chombo ambacho hakili kitu. Chaitwa ramu. Chapandisha maji kilimani bila umeme, bila mafuta, wala mkono wa mtu. Nilipowaambia wenzangu bwenini walicheka, wakasema maji hayapandi mlima ila kwa uchawi. Basi nieleze kwa utaratibu, maana hapa pana fizikia safi kabisa, ya namna ile tunayofundishwa darasani na kuiacha mlango wa darasa.

Ramu ni chombo kizito cha chuma kinachowekwa bondeni, chini kidogo ya banio la kijito. Maji huteremka katika bomba la chuma mpaka yafike kwenye chombo, yakatokea nje kwa vali ya kwanza, ambayo hukaa wazi kwa uzito wake yenyewe. Maji yakiendelea kuteremka hushika mbio, na mbio zikizidi huisukuma vali ile ikafunga ghafula. Sasa fikirini, ndugu zangu. Bomba la inchi 2½ lenye urefu wa mita 24 lina maji yapata kilo 80, uzito wa mwalimu wetu wa michezo, nayo yote yako mbioni, na mlango umefungwa mbele yake. Maji hayakubali kubanwa kama hewa. Mwendo ule wote hugeuka kuwa mshindo. Aliyepata kufunga bomba la maji kwa haraka akasikia mabomba ya nyumba yakigonga ukutani, ameusikia mshindo huo huo.

Mshindo huifungua vali ya pili, na maji machache hupenya kuingia katika chupa ya hewa iliyo juu yake. Hewa iliyomo hubanwa, kama hewa ya mpira wa miguu unapopigwa teke, kisha hujitanua na kuyasukuma maji yale katika bomba jembamba liendalo juu kilimani. Mshindo ukiisha, maji ya bomba kubwa hurudi nyuma kidogo, vali ya pili hufunga, vali ya kwanza huanguka ikawa wazi tena, na kazi huanza upya. Huwa hivyo mara 40 mpaka 90 kwa kila dakika, mchana na usiku, Jumapili na sikukuu. Mlio wake ni to, to, to, kama mtu atwangaye kinu kidogo. Kiranja mmoja ameuliza kama kelele hizo hazitatuzuia kulala. Chombo kitakuwa bondeni, naye hulala hata kengele ikilia.

Chombo hiki si kipya. Mtu wa kwanza kutumia mshindo wa maji namna hii alikuwa Mwingereza John Whitehurst, fundi wa saa wa mji wa Derby, mwaka 1772, lakini chake kilihitaji mtu wa kufungua na kufunga bomba kwa mkono. Mwaka 1796 Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier, yule ambaye yeye na ndugu yake walirusha puto la hewa ya moto mwaka 1783, alitengeneza vali inayojifunga yenyewe, apate kupandishia maji katika kiwanda chake cha karatasi. Alikiita kwa lugha yao kondoo dume wa maji, maana hupiga kichwa kama kondoo dume, na neno ramu, lililotoka kwa Waingereza, lina maana hiyo hiyo.

Wako watakaosema, kitu cha mwaka 1796 cha nini katika zama hizi? Nasikia maneno haya mara nyingi, nami siyaheshimu. Gurudumu ni la zamani kuliko ramu, wala sijaona mtu akivua magurudumu ya basi kwa sababu ni ya zamani. Katika kisiwa cha Negros, nchi ya Ufilipino, shirika liitwalo AIDFI limewatengenezea ramu watu wa vijiji vya milimani ambao maji yao yalikuwa bondeni kama yetu, na mwaka 2007 shirika hilo lilipata Tuzo ya Ashden kutoka Uingereza kwa kazi hiyo. Vali zao hutumia bawaba za kawaida za milango, ili zikichakaa mwanakijiji aende dukani akanunue nyingine. Hilo ndilo lililonipendeza kupita yote. Mota yetu ilipoungua tuliambiwa kipuri hakipatikani hapa, wala Tanga.

Sasa nije kwenye hesabu, maana bila hesabu haya yote ni hadithi. Mwishoni mwa Septemba, kiangazi kikiwa kikali, sisi wanne wa kidato cha nne, kwa ruhusa na pamoja na mwalimu wetu wa fizikia, tulikwenda kupima kijito. Tulikiziba kwa udongo na magogo ya migomba, tukayaacha maji yote yapite katika kipande kimoja cha bomba. Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 10. Tulirudia mara tano. Hizo ni lita 120 kwa dakika, nasi tukaamua kuhesabia 100 tu. Kisha kwa mpira wa maji wa waashi tukapima mteremko: kutoka pale penye mawe makubwa mpaka chini panapofaa ramu ni mita 4, na kutoka hapo mpaka tangi la jikoni ni mita 40 kwenda juu.

Lita 100 zikishuka mita 4, hiyo ni 400. Kama chombo kingekuwa kikamilifu, zingetosha kupandisha lita 10 mita 40, maana kumi mara arobaini nako ni 400. Lakini hakuna chombo kikamilifu. Ramu iliyotengenezwa vizuri hurudisha kama sehemu 60 katika mia, nasi kwa tahadhari tulihesabia nusu. Basi tutapata lita 5 kwa dakika. Mtu akisikia lita 5 hucheka tena. Lakini ramu hailali. Lita 5 kwa dakika ni lita 300 kwa saa, na lita 7,200 kwa siku, ndiyo ndoo 360. Ni lita 15 kwa kila mwanafunzi, nazo zatosha kupika, kunywa, kunawa na kuoga kwa kujibana. Kufua tutaendelea kufua mtoni siku ya Jumamosi, jambo ambalo, kusema kweli, hakuna anayelichukia.

Hapo ndipo ilipo siri, wala si uchawi. Maji mengi yanashuka kidogo, na kwa kushuka kwake yanalipa gharama ya maji machache kupanda sana. Wachaga wa Kilimanjaro tangu zamani wameyaongoza maji kwa mifongo yao, na kazi ile ni ya kustahiwa, lakini mfongo hauwezi kuyafikisha maji juu ya mahali ulipoanzia. Ramu yaweza.

Mzazi mmoja, niliyeonana naye siku ya kututembelea, alinipinga kwa hoja nzito kuliko kicheko cha bwenini. Alisema, “Mwanangu, katika lita 100 wewe wapata 5, na 95 zinamwagika. Huko si kuharibu maji?” Nilimwamkia tena kwa heshima, nikamjibu kwamba lita zile 95 hazipotei. Zatoka kwenye vali na kurudi kijitoni, hatua chache chini ya pale zilipotoka, wala hazikupata moto wala mafuta. Walioko chini watapungukiwa na lita 5 tu, nazo ni pungufu ya zile tunazochota leo kwa ndoo. Hata hivyo maji hayo si yetu peke yetu. Yafaa wazee wa kijiji waendewe kwanza na kuelezwa, na kibali kiombwe katika Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kama sheria ya mwaka 2009 inavyotaka. Tukianza kwa siri tutaonekana wezi, hata tukichukua kikombe kimoja.

Sitaki kuisifu ramu kama mchuuzi wa dawa. Mwenzetu atokaye Dodoma aliuliza kama itafaa kwao, nikamwambia hapana. Pasipo na maji yanayotiririka na mteremko, ramu ni chuma tu. Haivuti maji ya kisima. Huko kwao pampu ya jua ndiyo ifaayo. Hapa kwetu, siku za ukungu wa Juni na Julai, tutaiangalia pampu ya jua nayo itatuangalia sisi. Tena ramu haisafishi maji, inayapandisha kama yalivyo, na ya kunywa hapana budi yaendelee kuchemshwa.

Wala si kweli kwamba haitaki mtu. Majani yakiziba chujio la banio, itasimama. Mchanga ukiingia kwenye vali, itasimama. Mpira wa vali huchakaa. Na hewa ya ile chupa huyeyuka kidogo kidogo ndani ya maji na kwenda nayo, mpaka chupa ijae maji matupu, na hapo kila pigo litakuwa kama nyundo juu ya bomba. Ndiyo maana hutobolewa kitundu kidogo chini ya vali ya pili ili chombo kivute pumzi kila mara, na kitundu hicho chataka kuangaliwa kisizibe. Nashauri kazi hii wapewe kidato cha pili, wawili wawili kwa wiki, na iandikwe katika daftari. Wanafunzi wawili kwenda bondeni kusafisha chujio ni tofauti kubwa na wanafunzi 480 kwenda na ndoo.

Kwa gharama, kitu kikubwa ni mabomba. Bomba la kuletea maji lazima liwe la chuma, maana la plastiki hutanuka na kuumeza mshindo. Bomba la kupandishia laweza kuwa la plastiki, lililo imara. Chombo chenyewe fundi wa kuchomelea aliye hodari anaweza kukiunda akipewa mchoro, na mchoro tunao. Nyuma ya ghala la shule, chini ya mti wa mparachichi, yamelala mabomba manne ya chuma ya inchi 2½, yaliyobaki ulipojengwa mfumo wa kwanza. Kila moja lina mita 6. Tumeyachungulia ndani, yote ni mazima.

Naomba basi Mkuu wa Shule na wazazi, watakapokutana tena mwezi wa Januari, waliweke shauri hili mezani kabla ya lile la jenereta. Sisi wa kidato cha nne tutakuwa tumekwisha kufanya mitihani yetu na kwenda zetu, kwa hiyo hakuna atakayesema twatafuta raha yetu wenyewe. Daftari la vipimo tumeliacha katika maabara ya fizikia, kabati la pili. Mzazi asiyeamini na aje apime mwenyewe. Alete saa yake tu, ndoo tunazo.