Somo la moli lianzie kwenye mizani ya korosho

Msimu wa korosho unapofika, katika maghala ya Masasi na Newala hufanyika kazi ambayo walimu wetu wa kemia hawajaitumia ipasavyo. Mkaguzi wa ubora huchota sampuli katika magunia, huipima, kisha huhesabu ni korosho ghafi ngapi zimo katika kilo moja. Tuseme amepata 200. Tangu hapo hana haja ya kuhesabu tena: gunia la kilo 80 lina korosho zipatazo 16,000, na mwenye mizani aweza kutaja idadi ya mzigo mzima bila kuligusa gunia la pili. Wabanguaji nao wana desturi hiyo hiyo. Daraja la 320 katika biashara ya korosho duniani maana yake ni kwamba ratili moja ya korosho nzima zilizobanguliwa ina punje kati ya 300 na 320.

Huku, ndugu walimu, ndiko kuhesabu kwa mizani, na moli si jambo jingine ila hilo. Lakini darasani mada hii aghalabu hufundishwa kwa kanuni zilizoandikwa ubaoni, gawanya hiki kwa kile, zidisha kwa namba ya Avogadro, na kijana huzikariri kama babu yake alivyokaririshwa wafalme wa Uingereza. Swali likigeuzwa kidogo mtihanini, hukwama. Na kwa kuwa karibu mahesabu yote ya kemia yanayofuata hujengwa juu ya mada hii, aliyekwama hapa huliacha somo zima, na pamoja nalo njia ya kuwa mfamasia, tabibu au bwana shamba.

Ugumu hauko katika kugawanya. Uko katika dhana potofu iliyojificha kichwani, kwamba gramu moja ya kitu hiki ina chembe sawa na gramu moja ya kitu kile. Mwulize kijana huyo huyo kama kilo ya korosho ina punje sawa na kilo ya karanga, atakucheka. Basi na aambiwe kwamba atomu nazo zina uzito mbalimbali, na kwamba ya salfa huishinda ya kaboni kwa zaidi ya mara mbili na nusu. Ndiyo maana wanakemia walikubaliana kushika idadi na kuuacha uzito ubadilike, kama muuza mayai ashikavyo dazeni yake. Dazeni ya wanakemia ni moli. Tangu tarehe 20 Mei 2019 idadi yake imewekwa rasmi na mataifa. Kwa kukadiria, ni 602 ikifuatwa na sufuri 21. Atomu za kaboni za idadi hiyo zina gramu 12, za salfa gramu 32, na molekuli za maji gramu 18, yaani maji ya vijiko vichache tu.

Salfa nimeitaja kwa makusudi. Unga huo wa njano hupulizwa mikoroshoni kupambana na ubwiriunga, ugonjwa uliochangia kuporomoka kwa zao ambalo msimu wa 1973/74 lilifikia tani zipatazo 145,000 nchini. Mtoto wa Newala anaijua harufu yake. Mwalimu na achukue mfano wa gramu 250: zigawanywe kwa 32, hupatikana moli 7.8, zizidishwe kwa idadi ya moli, hupatikana atomu 47 zenye sufuri 23 nyuma yake. Kisha aulize swali ambalo wengi hulisahau: chembe zipi? Kwani salfa mfukoni haikai atomu moja moja, hushikana nane nane mfano wa pete. Ukihesabu pete badala ya atomu, moli moja ni gramu 256, na zile gramu 250 hazifiki hata moli moja. Majibu yote mawili ni sahihi, kama vile mzigo mmoja ulivyo magunia kumi na pia korosho 160,000.

Najua patakuwa na malalamiko kwamba shule hazina maabara. Kazi hii haihitaji maabara. Wengine watasingizia lugha, hali TUKI ilikwisha kutuchapishia kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Hakuna kinachomzuia mwalimu kulifafanua wazo kwanza kwa Kiswahili, ndipo aingie katika Kiingereza cha mtihani.

Maofisa elimu wa wilaya hizi na wakutane na viongozi wa vyama vya msingi, waombe mizani zipelekwe shuleni nje ya msimu, wakati hazina kazi. Nao wathibiti ubora wa shule, wanapopita madarasani, wamwombe mwanafunzi mmoja aeleze kwa maneno yake idadi inavyopatikana kutokana na uzito, kabla ya kumwuliza mwalimu amefika ukurasa wa ngapi.