Mlipuko Husikika, Hesabu Haisikiki

Ndugu askari wa Mbuya na polisi wa Naguru, hapa kwetu Nakawa, mwajua kwamba bunduki haiaminiwi mpaka ijaribiwe katika uwanja wa shabaha. Je, silaha isiyolipuliwa kwa majaribio huaminiwaje?

Marekani ilisimamisha majaribio ya kulipua mabomu ya nyuklia mwaka 1992. Tangu hapo huyachunguza mabomu yake kwa hesabu. Mwaka 2024 kompyuta yake iitwayo El Capitan, iliyoko Livermore, California, ilitangazwa kuwa yenye kasi kuliko zote duniani: hupiga hesabu zaidi ya milioni trilioni moja kwa sekunde.

Wako wasemao kuwa huo ni ufahari mtupu. Sivyo. Itazameni njia panda ya Nakawa asubuhi: gari moja likikwama, yote ya nyuma hubadili mwendo. Ndani ya bomu ni vivyo hivyo. Madini hugandamizwa hata yakatiririka kama maji, nyutroni huzaana, joto hupanda, na kila jambo hugeuza jingine katika muda unaopimwa kwa sehemu za milioni za sekunde. Kompyuta huligawa bomu katika vijichumba na kukokotoa kila kimoja, hatua kwa hatua. Ukitaka kuona kwa undani maradufu, utagawa urefu, upana na kimo; vijichumba vitakuwa mara 8. Hatua za wakati nazo zitakuwa mara 2, na kazi yote mara 16. Kisha hesabu hurudiwa tena na tena, kwa kuwa madini huzeeka.

Gharama hiyo ni afadhali kuliko mlipuko. Afrika haijasahau bomu la Ufaransa lililolipuliwa Reggane, katika Sahara ya Aljeria, tarehe 13 Februari 1960.

Lakini tusidanganyike. Kompyuta hiyo yatunza silaha, haiiondoi. Kituo chetu cha Mbarara cha kupima mitetemo ya ardhi kimo katika mtandao wa dunia unaosikiliza milipuko ya siri. Kituo hicho chaweza kusikia mlipuko. Hakiwezi kusikia hesabu.

Kwa hiyo kupiga marufuku majaribio peke yake hakutoshi. Silaha zenyewe hazina budi kupunguzwa, hatimaye ziishe. Na maofisa wetu wajifunze hisabati kwa bidii, ili siku ya mazungumzo wasiwe wasikilizaji tu.