Ligi za madaraja ya chini Unguja zisiachwe yatima

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu ligi za madaraja ya chini hapa Unguja, ambazo kwa muda mrefu zimekuwa kama mtoto wa kambo katika kandanda yetu.

Sifa za timu zetu kubwa kila mtu anazijua. KMKM ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1984, Malindi ikautwaa 1989 na tena 1992. Mwaka 1995 Malindi hao hao walifika nusu fainali ya Kombe la CAF, na mwaka huo huo timu ya Zanzibar ikarudi na Kombe la Chalenji kutoka Uganda. Januari 2024 Mlandege waliwafunga Simba bao 1-0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, na Ng'ambo hakukulalika. Lakini wachezaji hawa hawakushuka na mvua. Walianza mchangani, kwenye ligi ambazo hazitangazwi redioni wala hazina mdhamini.

Kwa wasomaji wa Bara wasioujua mpangilio wetu, nieleze kidogo. Zanzibar ina ligi yake yenyewe, kuanzia wilayani hadi Ligi Kuu. Timu ya Makunduchi au Nungwi haipandi ili ikacheze ligi moja na Yanga. Hupanda madaraja ya hapa hapa visiwani, na siku ikiwa bingwa wa Ligi Kuu ya Zanzibar hupata nafasi ya kucheza mashindano ya klabu bingwa Afrika. Ngazi kutoka kiwanja cha kijiji hadi Afrika ni chache mno, na ndiyo maana ile ya chini ikilegea sote tunaanguka.

Tena ikumbukwe kuwa sisi si wanachama wa FIFA. Machi 2017 CAF walitupa uanachama kamili mjini Addis Ababa, na Julai mwaka huo huo wakaufuta. Kwa hiyo fedha za maendeleo wanazopewa wanachama wa FIFA hatupewi sisi moja kwa moja. Tukingoja wa nje watuinulie ligi za chini tutangoja sana.

Sasa nieleze yaliyotupata. Msimu uliopita vijana wa mtaa wetu walipangiwa mechi shamba, upande wa kusini. Tulichangishana barzani fedha za gari, wazee wawili wakatoa hata za kitoweo. Tulipofika tulikuta mbuzi wanakula majani golini. Wenyeji walitushangaa, wakatuambia mechi imesogezwa tangu juzi. Sisi hatukuletewa barua wala kupigiwa simu. Ilipofika siku mpya ya mechi, fedha za gari hatuna. Hatukwenda, tukapoteza pointi. Wachezaji wanne wakaacha mpira, mmoja wao golikipa ambaye kwa macho yangu mimi (nami nimeangalia mpira tangu nikiwa skuli) angefika mbali. Hivi sasa yupo tajiri anayetaka kuichukua timu, aibadilishe jina na kuihamisha mtaa. Wapo kati yetu wanaosema tumpe tu, tupumzike.

Mimi nakataa. Timu ile iliundwa na watu waliouza madafu kununua jezi.

Serikali imefanya kazi kubwa kwa upande wake. Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970 kwa msaada wa ndugu zetu wa China, umetengenezwa upya na kufunguliwa Desemba 2023, na leo unapendeza kwelikweli. Napendekeza kila inapochezwa mechi kubwa pale, hasa wanapokuja Simba na Yanga na watu wakajaa pomoni, sehemu ndogo ya kiingilio itengwe kwa usafiri wa timu na waamuzi wa madaraja ya chini. Pia ratiba itolewe kabla ya msimu kuanza, na mechi ikiahirishwa timu zote mbili zijulishwe kwa maandishi. Hili la pili halihitaji hata senti moja.

La viwanja ndilo linalonitia hofu zaidi. Mji unapanuka kwa kasi, kila penye uwazi panawekwa matofali. Viwanja vingi vya mitaani na vya mashamba havina hati, vimeachwa kwa mazoea tu kuwa ni vya mpira. Wakuu wa wilaya wangevipima na kuviandikisha vyote, Unguja na Pemba, kabla havijaanza kuchimbwa misingi. Cha kwetu kimeshapigwa vigingi upande mmoja tangu mwezi uliopita, na kila tunayemwuliza anatwambia hajui ni vya nani. Naomba wahusika watujibu kupitia ukurasa huu.

Mpenzi wa Kandanda,
Kikwajuni, Zanzibar.