Kutu Katika Gari la Urathi



Mama mmoja ametuletea barua akitaka shauri. Mumewe, Allah amrehemu, ameacha Peugeot 504 ya safu tatu za viti, ambayo imesimama uani tangu alipoanza kuugua. Wanawe wakubwa wataka kulifufua gari hilo lirudi katika sura yake ya awali. Yeye achelea fedha, kwa kuwa miongoni mwa warithi wamo wawili ambao hawajabaleghe. Auliza: je, gari hili ni mali, ama ni mzigo?

Suali hili lina uzito. Gari la marehemu, baada ya kulipwa madeni yake na kutekelezwa wasia wake, ni la warithi wote, na fungu la mtoto mdogo haligharimiwi kwa kubahatisha. Nasi twafahamu kwa nini vijana wana hamu. Gari hili lilitoka mara ya kwanza mwaka 1968, likashinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na wengi wetu tulisafiri ndani yake tukiwa tumebanana pamoja na mizigo yetu. Walakini mapenzi hayazuii kutu. Injini iliyokufa hupatiwa nyingine. Bodi iliyoliwa haina badali nyepesi. Basi la kwanza ni kuijua kutu imefika wapi, kabla fundi hajapewa hata shilingi moja.

Kutu ni chuma kilichokutana na maji na hewa. Chumvi huiharakisha kazi hiyo, nasi watu wa pwani twaishi katika upepo wa chumvi, kusi na kaskazi. Kutu ikishaingia, huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko kile chuma ilichokila. Ndiyo sababu rangi hufura na kufanya malengelenge. Lengelenge moja dogo juu aghalabu ni dalili ya tundu kubwa chini, kwani kutu nyingi ya gari huanzia ndani ikatoka nje. Wazee walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Gari hili halina chesisi iliyo mbali na bodi. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Kwa hivyo mahali pa kutazama kwanza ni vile vizingiti virefu chini ya milango, ambavyo hubeba uzito wote. Kisha inuliwe mazulia yote na kutazamwa sakafu, hasa penye unyevu. Tena yatazamwe matao ya magurudumu, sehemu ya chini ya madigadi za mbele ambako matope hukaa, sahani ya betri ambayo asidi huidondokea, sakafu ya buti, na kingo za vioo chini ya mpira. Vile vitundu vidogo vya kutolea maji chini ya milango navyo vikaguliwe, kwani vikizibwa na majani na vumbi, mlango hugeuka birika.

Vyombo vya ukaguzi ni vitatu tu. Cha kwanza ni sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: mahali isiponata, pana pati nene badala ya bati. Cha pili ni bisibisi: chuma kizima huikataa ncha yake, kibovu huikubali. Cha tatu ni nyundo nyepesi: bati zima hulia, na bovu hutoa sauti ya chungu chenye ufa. Gari liinuliwe kwa jeki na kuegemezwa juu ya vigingi madhubuti vya chuma, na mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Iwapo kutu ni ya juu juu, au imetoboa sakafu mahali pachache, kazi yawezekana. Iwapo vizingiti vya pande zote mbili vimeoza, na mahali panaposhikwa springi na vyuma vya magurudumu pamelegea, hapo gharama huenda ikapita thamani, na gari hilo si salama kubebea watoto hata likipakwa rangi ya dhahabu.

Kuondoa kutu kuna utaratibu wake. Hukwanguliwa kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane cheupe. Vishimo vidogo vilivyobaki hupakwa dawa yenye asidi ya fosforasi, ambayo huigeuza kutu iliyosalia. Bati lililotoboka halina dawa ila kukatwa hadi penye chuma kizima na kulehemiwa bati jipya. Kubandika pati juu ya tundu ni kufunga bendeji juu ya jipu. Vizingiti hukatwa upande mmoja baada ya mwengine, na bodi ikiwa imeegemezwa vyema, la sivyo gari hupinda na milango haifungi tena. Betri na tangi la petroli hutolewa kabla ya kulehemu. Kazi ikikamilika, hufuata rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kwani chuma kitupu hapa kwetu huanza kutu kwa usiku mmoja. Kisha nta au mafuta mazito hutiwa ndani ya mapango.

Vitu vidogo kama bolti na bawaba vyaweza kufanywa nyumbani. Virowekwe katika siki nyeupe usiku kucha, visuguliwe, visuuzwe kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, vikaushwe upesi na kupakwa mafuta. Lakini watoto wawekwe mbali na vumbi la msasa: rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, na risasi hudhuru akili ya mtoto. Ni bora kusugua kwa maji, na nguo za kazi zifuliwe mbali na za nyumba.

Na iwapo warithi watakubaliana kuliuza, basi aibu ya gari ibainishwe kwa mnunuzi. Kuficha tundu kwa pati na rangi mpya ni ghushi, na faida ya ghushi haina baraka, seuze ikiingia katika fungu la yatima.

Kwa nyumba nyingine zote zenye gari, jipya au kuukuu, twasema hivi: maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, basi yasitumiwe kuoshea gari bila kulisuuza kwa maji matamu, na chini yake pia. Mazulia yaliyorowa yaanikwe. Gari lisifunikwe kwa turubai la plastiki, kwani hulifungia unyevu ndani. Na lengelenge la kwanza likionekana, likwanguliwe wiki hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wabillahi tawfiq.