Daraja la Wachina, Uwanja wa Amaan na Swali la Kijana wa Mwanza

 

Tulikuwa Mwanza kwa darsa la siku chache. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, kijana anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, alitufuata akatuuliza jambo ambalo hatukulitarajia. "Shekhe," alisema, "Wachina wametupa daraja, wametupa viwanja, na mwaka 2027 sisi na jirani zetu tunaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Wao walipoandaa Olimpiki dunia nzima iliwaheshimu. Sasa Muislamu akisimama kusema China inawaonea Waislamu, si anatuharibia?" Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Tulimjibu kwa ufupi, tukamuahidi kuandika, kwani swali hilihili tumelisikia Unguja na Pemba kwa maneno mengine.

Tuanze na daraja. Daraja la Kigongo hadi Busisi, linaloitwa Daraja la J.P. Magufuli, lina urefu wa takriban kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, na lilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 2025. Tumepita juu yake kwa dakika chache tu, mahali ambapo zamani watu walisubiri kivuko kwa masaa, wengine wakiwa na wagonjwa. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa maana ya hilo. Mwanza walizika watu wao wa MV Bukoba mwaka 1996, nasi tukazika wetu wa Spice Islander mwaka 2011. Mwenye kuvuka maji kwa salama ana haki ya kufurahi.

Lakini neno "wametupa" tulimsahihisha hapo hapo. Kampuni za Kichina zilikuwa wakandarasi. Fedha, zaidi ya shilingi bilioni 700, zilitoka Serikalini, yaani katika kodi yako na yangu, pamoja na ya muuza dagaa. Fundi aliyelipwa ujira wake anashukuriwa kwa kazi nzuri, wala hadai zaidi ya hapo. Kweli iko misaada. Uwanja wa Amaan ulijengwa mwaka 1970 kwa msaada wa China, na Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam, ambao leo ni wa Benjamin Mkapa, nao ulifunguliwa mwaka 2007 kwa msaada huo. Wema huo hatuukani. Tunachouliza ni kama shukrani inamlazimu mtu kunyamaza.

Tumfahamu kwanza Mchina wa kawaida, maana si haki kumhukumu bila kumjua. Wachina wanasomeshwa skuli kwamba tangu Vita vya Kasumba vya 1839 hadi 1842 nchi yao ilidhalilishwa na wageni kwa karne nzima. Mwaka 1993 Beijing iliomba Olimpiki ya mwaka 2000, ikashindwa na Sydney, na jeraha lile likaguswa tena. Ilipopewa michezo ya 2008, watu walijaa barabarani usiku wakishangilia. Kwao haukuwa ushindi wa michezo. Ulikuwa ushahidi kwamba wameinuka. Sisi tuliotawaliwa tunaijua hisia hiyo, wala hatuoni aibu kusema kwamba tuliifurahia pamoja nao.

Mwenge wa Olimpiki ile ulipita kwetu. Tarehe 13 Aprili 2008 Dar es Salaam ilikuwa kituo pekee cha Afrika, na ulikimbizwa kutoka stesheni ya TAZARA hadi uwanja mpya, reli na uwanja vyote viwili vikiwa alama za urafiki wa China. Marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya, mshindi wa Nobeli ya Amani, alikuwa amealikwa kuubeba, akajitoa kwa ajili ya haki za binadamu. Wiki moja kabla yake, London na Paris, waandamanaji wa suala la Tibet walijaribu kuuzima na kuunyakua. Na hapa ndipo jambo lilipogeuka. Wachina wengi, hasa vijana wasomi walioko nje, hawakuuona mwenge ule kuwa wa serikali. Waliuona ni wao wenyewe wanaopigwa. Wakajitokeza kwa maelfu na bendera, na nyumbani wakaanza kususia maduka ya Kifaransa.

Katika siku hizo hizo mwanafunzi mmoja wa Kichina katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alijaribu kusuluhisha baina ya makundi mawili ya waandamanaji. Hakuitukana nchi yake. Alitaka wazungumze tu. Jina lake na ya wazazi wake yakatangazwa mitandaoni, akaitwa msaliti, na nyumba ya wazazi wake kule China ikashambuliwa. Binti huyo kosa lake lilikuwa kusimama katikati. Kisa hiki tumemsimulia yule kijana mara mbili, kwa kuwa ndani yake mna jawabu lake.

Serikali yoyote ikiona mapenzi ya namna hiyo, itayatumia. Februari 2022 Beijing iliandaa Olimpiki ya majira ya baridi. Marekani na Uingereza zilikataa kupeleka viongozi wao, zikitaja hali ya Wauighur, ndugu zetu Waislamu wa Xinjiang. Usiku wa ufunguzi, mmoja wa wawili waliokabidhiwa mwenge wa mwisho alikuwa mchezaji wa kike wa Kiuighur. Dunia ikaonyeshwa uso wake. Sisi hatumlaumu binti yule, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye moyo wake. Lakini miezi michache baadaye, tarehe 31 Agosti 2022, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti ikisema kwamba yaliyotendwa Xinjiang huenda yakawa jinai dhidi ya ubinadamu. China inakanusha, inasema vilikuwa vyuo vya kufundishia kazi na kupambana na ugaidi. Oktoba ya mwaka huo ilipopendekezwa tu kwamba Baraza la Haki za Binadamu lijadili ripoti hiyo, pendekezo liliangushwa kwa kura 19 kwa 17, na miongoni mwa waliolipinga zilikuwamo Pakistan, Indonesia, Qatar na Falme za Kiarabu. Somalia, pamoja na umasikini wake, ilipiga kura kutaka mjadala. Basi tusidhani kuwa ni yule muuza dagaa peke yake aliyechanganya shukrani na ukimya.

Na sisi je? Agosti 2025 Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa michuano ya CHAN, na Amaan ikapokea wageni. Tulifurahi, na watoto wetu walivaa bendera. Amaan tuliwaona Wasudan, ambao kwao kuna vita tangu Aprili 2023, wakiifunga Nigeria mabao 4 kwa 0, kisha wakaitoa Algeria kwa penalti. Watu ambao nyumbani wanauana walikuwa jezi moja. Tuliwashangilia, na baadaye tukajiuliza kwa nini tumewajua Wasudan kwa mpira kabla ya kuwajua kwa dua na sadaka. Lawama hiyo inatuhusu sisi wa mimbari kwanza.

Mwanza mechi hazikufika, waliziona kwenye televisheni. "Tunaandaa sisi, lakini kwetu hakuna kitu," alisema mzee mmoja pale msikitini, bila hasira. Mzanzibari anaweza kumuelewa. Machi 2017 tuliingizwa CAF kuwa wanachama wa 55, Julai tukatolewa. Desemba mwaka huo timu yetu ilifika fainali ya CECAFA kule Machakos, ikafungwa na Kenya kwa penalti, na visiwa vizima vikaipokea kama imeshinda. Kila "sisi" inayoimbwa uwanjani ina mtu pembeni anayeuliza kama yeye yumo. Na ziwa lenyewe linatukumbusha. Nchi tatu zitakazoandaa pamoja mwaka 2027 ndizo zinazoligawana, na humo humo Kenya na Uganda zilitunishiana misuli kwa ajili ya Migingo, kijiwe cha wavuvi kisichotosha hata uwanja mmoja wa mpira.

Sharia inasemaje? Kupenda kwenu si dhambi. Mtume (S.A.W.) alipoondoka Makka aliondoka kwa huzuni, akitaja mapenzi yake kwa mji ule. Mchezo wenyewe asili yake ni halali, maadamu sala haipotei, tupu zimesitiriwa na kamari haimo, na hii kamari ya kubeti imewaingia vijana wetu kuliko tunavyokubali kusema. Kinachokatazwa ni asabia. Katika msafara wa Bani Mustaliq, Muhajir mmoja na Ansari mmoja waligombana kwenye maji, kila mmoja akawaita watu wake. Majina yale, Muhajirina na Ansari, ni matukufu, yamesifiwa ndani ya Qur'ani. Hata hivyo Mtume (S.A.W.) aliukemea mwito ule kuwa ni wa kijahilia na unanuka. Tatizo halikuwa jina, lilikuwa kulifanya silaha. Iko pia riwaya katika Sunan ya Abu Dawud inayoieleza asabia kuwa ni kuwasaidia watu wako katika dhulma. Wanazuoni wana maneno juu ya isnadi yake, lakini maana yake inaungwa mkono na mengi yaliyo sahihi.

Kwa hiyo tulimwambia kijana hivi. Vuka daraja, mshukuru Mungu, na fundi wa Kichina ukikutana naye sokoni mtendee wema, maana yeye hakumfunga mtu. Mwaka 2027 ishangilie nchi yako. Lakini akitokea Muislamu akataja waliofungwa Xinjiang, au Mtanzania akataja aliyeonewa hapa hapa nyumbani, usiseme anatuharibia mbele ya wageni. Muulize ana ushahidi gani. Ukiwa ni wa kweli, msaidie.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza jingine: mechi ikianza saa kumi na moja jioni, Magharibi ataisalije, kwa kuwa kutoka uwanjani na kurudi haiwezekani? Tulimwambia aingie na udhu, na ikiadhiniwa asimame palepale penye nafasi na wenzake wawili watatu wasali jamaa. Na wanaoandaa ratiba za 2027 wa Amaan, tunawaomba walifikirie hilo tangu sasa.