Ng'ombe amechanjwa, lakini je, maziwa yake ni salama?

Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya miaka mitano ya chanjo na utambuzi wa mifugo nchi nzima. Mfugaji anachangia shilingi 500 kwa ng'ombe na 300 kwa mbuzi au kondoo.

Ni hatua nzuri. Lakini wafugaji wa Ipole, wilayani Sikonge, na wenzao wa Tabora nzima wanapaswa kujua jambo moja: chanjo ya ng'ombe katika kampeni hii ni ya homa ya mapafu. Haizuii ugonjwa wa kutupa mimba, ambao wataalamu wanauita brusela. Ng'ombe aliyechanjwa na kuvishwa hereni bado anaweza kuwa nao, na kuupeleka kwa watoto wako kupitia maziwa.

Dalili zizini

Ng'ombe hutupa mimba, mara nyingi ikiwa imeshakuwa kubwa. Kondo la nyuma linaweza kuchelewa kutoka. Safari inayofuata huenda akazaa salama, na mwenye ng'ombe akadhani amepona. Hajapona. Vijidudu vinaendelea kutoka kwenye maziwa yake, na kwenye majimaji kila anapozaa.

Mbuzi na kondoo nao huugua. Ngamia Ipole hatuna, lakini kaskazini mwa Kenya, ambako maziwa ya ngamia hunywewa mabichi, wafugaji wanasumbuliwa na ugonjwa huuhuu.

Dalili kwa binadamu

Homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi usiku, maumivu ya mgongo na viungo, uchovu usiokwisha. Wanaume wengine huvimba korodani. Mjamzito anaweza kupoteza mimba. Dalili nyingi zinafanana na za malaria, na hapo ndipo watu wanapopoteza miezi na fedha.

Mwaka 2007 hadi 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Zaidi ya nusu waliambiwa wana malaria. Maabara ilithibitisha malaria kwa 14 tu. Wagonjwa 16 walikutwa na brusela, ingawa si wote 870 waliopimwa ugonjwa huo. Tabora ina malaria nyingi kuliko Moshi, kwa hiyo kupima malaria kwanza ni sahihi. Kosa ni kurudia dawa ya malaria wakati kipimo kinasema huna.

Kwa nini Ipole

Ukanda huu ulipitiwa na misafara ya zamani. Leo ni njia panda ya barabara za Mpanda na Rungwa, na wafugaji kutoka Usukuma wameingia na makundi yao wakitafuta malisho. Ng'ombe aliyetupa mimba huuzwa haraka mnadani, na tatizo la zizi moja linahamia zizi la jirani. Misituni kuna nyati pia. Upande wa Katavi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamekuta alama za ugonjwa huu kwa ng'ombe, mbuzi, nyati na watu.

Ufanye nini

Chemsha maziwa mpaka yatokote. Ukitaka mgando, chemsha kwanza, yapoe, ndipo ugandishe. Kuganda peke yake hakuui vijidudu vyote.

Usishike ndama aliyetupwa wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Vaa glavu, au mifuko ya plastiki mizima isiyotoboka. Choma au fukia kwenye shimo refu, mbwa wasifukue. Mtenge ng'ombe huyo, na umwite afisa mifugo achukue sampuli. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Tabora.

Chanjo ya brusela ipo. Hutolewa kwa mitamba wachanga, si kwa madume wala ng'ombe wenye mimba. Muulize mtaalamu, usijichomee mwenyewe, kwa sababu vijidudu vyake ni hai na vinaweza kumwambukiza mchomaji.

Ukiugua homa isiyoisha, mwambie mganga wa zahanati: "Mimi ni mfugaji, na ng'ombe wangu ametupa mimba." Asipoambiwa, si rahisi abuni. Tiba ya binadamu ipo: dawa zaidi ya moja kwa wiki sita hivi. Ukiacha wiki ya pili kwa sababu umepata nafuu, homa inaweza kurudi.

Serikali imeuweka ugonjwa huu kati ya magonjwa sita ya kipaumbele yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu. Lakini afisa mifugo anaripoti wizara moja na mganga wizara nyingine. Hereni za utambuzi zitasaidia kujua ng'ombe ametoka wapi. Zitakuwa na faida kubwa zaidi siku ambayo taarifa ya ng'ombe aliyetupa mimba itafika zahanati wiki hiyohiyo. Kwa sasa, anayeweza kuifikisha ni mfugaji mwenyewe.